"Me gusta": Namna Kihispania kinavyosema neno la kupendezwa na la kutopendezwa

Mara nyingi wanaseminari wametuuliza: «Padri, Kihispania ni lugha ngumu?» Twawajibu: kwa mtu aliyeonja Kilatini na mwenye kujua Kifransa, si ngumu sana. Hata sauti zake zatukaribisha, kwani a, e, i, o, u zasemwa karibu sawasawa kama katika Kiswahili chetu. Lakini kuna neno moja dogo linalowaangusha wanafunzi wengi tangu siku ya kwanza mezani: neno la kusema «napenda kitu hiki», au «sipendi kitu hiki». Sisi pia lilituangusha. Twataka kulieleza hapa polepole, kwani kosa lake halibaki katika daftari la mwanafunzi; laweza kuumiza moyo wa mtu.

I. Kihispania chatuhusu nini?

Mmoja atasema: «Hapa Kalemie tuna Kiswahili, tuna Kitabwa, Kiluba na Kiholoholo, tuna na Kifransa cha masomo. Tuongeze mzigo gani tena?» Tumjibu kwa maneno matatu.

Kwanza, watu karibu milioni 500 wamenyonya Kihispania pamoja na maziwa ya mama, na sehemu kubwa yao ni Wakatoliki. Papa Fransisko, aliyekuja Kinshasa tangu 31 Januari hata 3 Februari 2023, alizaliwa Buenos Aires katika lugha hiyo. Papa Leo XIV, aliyechaguliwa tarehe 8 Mei 2025, alikuwa mmisionari na askofu katika Peru. Siku ileile ya kuchaguliwa kwake alisalimu jimbo lake la zamani la Chiclayo kwa Kihispania.

Pili, Kihispania ni lugha ya Afrika vilevile. Katika Guinea ya Ikweta ni lugha ya serikali, na wamisionari Waklareti waliingia huko tangu mwaka 1883.

Tatu, hata ziwa letu limekwisha kukisikia. Katika Aprili 1965 Wakuba wa kwanza, pamoja na Ernesto Guevara aliyeitwa Che, walivuka Tanganyika toka Kigoma, wakashukia Kibamba, ukingo huu wetu, upande wa kaskazini ya Kalemie. Wakubwa wao wakajipa majina ya hesabu ya Kiswahili: Moja, Mbili, Tatu, na Tatu ndiye Guevara mwenyewe. Katika Juni wakapigana Bendera, penye mashine za umeme wa maji. Katika Novemba ya mwaka uleule wakarudi ng'ambo. Hatuandiki haya kwa kusifu vita, kwani wazee wetu wajua vita ile ililetea nchi machozi gani. Twataka kuonyesha jambo moja tu: watu wale walipotaka kukaa na watu wa hapa, iliwapasa kujifunza maneno yao, na Guevara alifundishwa Kiswahili na kijana Mkongo. Ikiwa wao walijifunza lugha ya wengine juu ya bunduki, sisi tutaona uvivu juu ya Injili?

II. Kosa letu wenyewe

Tulipokuwa tungali katika masomo ya Ulaya, tulitumwa mwezi mmoja wa likizo kumsaidia paroko mzee katika kijiji cha Hispania. Nyumbani kwa paroko alikuwamo mama mmoja mjane aliyewapikia mapadri tangu miaka mingi. Alituita «hijo», maana yake «mwanangu». Alitufulia nguo bila kuombwa, na jioni alituwekea mkate pembeni, akifikiri kwamba Mwafrika aliye mbali na kwao hashibi upesi.

Siku tatu zikafuatana tukila lentejas, ndizo dengu, mbegu ndogo za jamii ya kunde. Siku ya nne mama akauliza kwa furaha kama chakula ni kizuri. Tukataka kusema kweli kwa upole. Tulikuwa tumeshika neno me gusta, «chanipendeza», tukajua na kwamba majina ya Kihispania, yakiwa mengi, yaongeza -s mwishoni: libro, libros, casa, casas. Tukafikiri: dengu ni nyingi, basi tuongeze -s. Tukasema kwa sauti safi kabisa:

«No me gustas.»

Mama akabaki na sahani mkononi. Kisha akaiweka mezani taratibu, akavua kitambaa chake cha jikoni, akaenda kwake mbele ya saa yake. Paroko alicheka kwanza. Halafu akaacha kucheka. Akatuuliza: «Wajua ulichomwambia? Hukumwambia kwamba dengu hazikupendezi. Umemwambia: Wewe hunipendezi.»

Usiku ule hatukulala vizuri. Tutaeleza mbele jinsi jambo lilivyokwisha. Kwanza tuangalie kosa lilitoka wapi.

III. Ufunguo umo katika Kiswahili

Kifransa kinasema j'aime le poisson, nasi twasema «napenda samaki». Katika lugha hizi mbili mwenye kutenda ni mtu: mimi ninapenda, samaki anapendwa. Mwanafunzi anayetoka katika Kifransa atafuta Kihispania kwa njia hiyohiyo, atasema yo gusto el pescado. Ni kosa.

Mhispania anasema: Me gusta el pescado. Tukitafsiri neno kwa neno: «Samaki ananipendeza.» Hapo mwenye kutenda si mimi, ni samaki. Mimi ni mwenye kupokea tu. Kitu ndicho kinachokuja kwangu na utamu wake, nami naguswa nao. Ndiyo sababu verbo yafuata kitu, haifuati mtu.

Basi, ndugu, tusiingie Kihispania kwa mlango wa «kupenda», tuingie kwa mlango wa «kupendeza». Mlango huo tumeuzoea tangu utoto. Twasema:

Embe hili linanipendeza. Maembe haya yananipendeza.

Tazameni: mimi nimebaki mmoja, lakini verbo imegeuka, toka li- hata ya-, kwa sababu maembe yamekuwa mengi. Kihispania kinafanya vilevile, ila alama yake iko mwishoni, si mwanzoni:

Me gusta este mango. Me gustan estos mangos.

Kipo kingine. Mtu akiugua anasema: «Kichwa kinaniuma, miguu inaniuma.» Ki- ni ya kichwa, i- ni ya miguu, na mgonjwa amekaa katikati ya neno kwa herufi mbili tu, -ni-. Mhispania naye: Me duele la cabeza, me duelen los pies. Ni mjengo uleule wa gustar. Anayeweza kulalamika juu ya kichwa chake kwa Kiswahili amekwisha kujua nusu ya somo.

Kilatini pia kingalituokoa. Mihi placet, kwa dativo: «yanipendeza». Kwa neno hilo Maaskofu walipiga kura katika Mtaguso wa Pili wa Vatikano (1962-1965): placet, non placet, au placet iuxta modum. Askofu hakuandika «napenda», aliandika «yapendeza». Tena angalieni miisho: places, placet, placent. Ile -s ya mwisho ni alama ya «wewe». -T ni ya kitu kimoja. -Nt ni ya vitu vingi. Kihispania, mtoto wa Kilatini, kimeshika mpango huo: gustas, gusta, gustan. Kosa letu ndilo hili: -s ya majina ni alama ya wingi, lakini -s ya verbo ni alama ya «wewe». Tulichukua wingi wa majina, tukauvika verbo; na verbo ikamnyoshea kidole mama wa watu.

Na neno gustar lenyewe latoka wapi? Kwa Kilatini gustare ni kuonja. Waliosali Zaburi kwa Kilatini wamekuta gustate, «onjeni». Wahispania wamelitoa ulimini wakalipeleka moyoni. Wakiongeza de, kama gustar de, linafuata mtu kama verbo nyingine. Mtalikuta katika vitabu. Msianze nalo.

IV. Kanuni

1. Kwanza mjue maneno madogo ya mwenye kupokea. Yanasimama mbele ya verbo, na kila moja lina ndugu yake katika Kiswahili:

me gusta: linanipendeza
te gusta: linakupendeza
le gusta: linampendeza
nos gusta: linatupendeza
os gusta: linawapendeza (ninyi)
les gusta: linawapendeza (wao)

Katika Amerika ya Kilatini hawasemi os. Les ni ya ninyi na ya wao. Hapo wamefanana nasi kabisa, kwani -wa- yetu pia ni ya wote wawili. Les kwa ninyi yasemwa na Hispania, kwa heshima.

2. Kitu kimoja, gusta. Vitu vingi, gustan. Msihesabu watu, hesabuni vitu. Nos gusta el lago: «Ziwa linatupendeza.» Sisi ni wengi, lakini ziwa ni moja, basi gusta. Me gustan los domingos: «Siku za Mungu zinanipendeza.» Mimi ni mmoja, lakini dominika ni nyingi, basi gustan.

3. Kikiwa kitendo, gusta haibadiliki, hata vitendo vikiwa viwili au vitatu. Nos gusta cantar y rezar: «Kuimba na kusali kunatupendeza.» Kwetu pia vyote viwili vyaingia chini ya ku- moja.

4. Jina lichukue el, la, los, las. Hawasemi me gusta café. Husema me gusta el café. Hapa Kiswahili hakitusaidii, kwa sababu hakina maneno hayo. Lakini Kifransa kinasaidia: j'aime le café.

5. Mkimtaja mtu kwa jina, wekeni a mbele yake, wala msiache le au les. A Pedro le gusta el pescado. A los jóvenes les gustan los cantos. Wanafunzi wa Kifransa huona ajabu: kwa nini kumtaja mtu mara mbili? Lakini mtoto wa Kalemie haoni ajabu. Twasema «Nyimbo zinawapendeza vijana»: vijana wametajwa mwishoni, tena wamo ndani ya verbo kwa -wa-. Les ndiyo -wa- yetu. Kosa linalosikika mara nyingi ni Pedro le gusta el pescado. Hapo Petro ameachwa nje ya mlango bila a ya kumwingiza.

6. Ukikataa, no husimama mbele ya yote mawili: No me gusta. A Pedro no le gusta. Sisi twaunganisha: «hainipendezi, haimpendezi».

7. Kupendezwa kuna vipimo. Me gusta mucho, inanipendeza sana. Me gusta bastante, inanipendeza vya kutosha. No me gusta mucho, hainipendezi sana. No me gusta nada, hainipendezi hata kidogo. Juu ya yote kuna me encanta: inanifurahisha mno. Hiyo haikubali mucho nyuma yake, kwa sababu imekwisha kujaa.

8. Mjengo huuhuu wafuatwa na verbo nyingine: me interesa, inavuta moyo wangu, me molesta, inanisumbua, me importa, ni kitu kwangu, me falta, imenipungukia. Ukishika gustar umeshika zote.

9. Mwenzako akisema neno lake, nawe wataka kumwitikia, usiseme yo también. Utasema a mí también, maana wewe ni mwenye kupokea, si mwenye kutenda. Wasikilizeni mafratri wawili wakitembea ukingoni mwa ziwa:

«Me gusta el lago por la mañana.» (Ziwa linanipendeza asubuhi.)
«A mí también.» (Nami vilevile.)
«No me gusta el viento de la tarde.» (Upepo wa magharibi ya jua haunipendezi.)
«A mí tampoco.» (Wala mimi.)

Kama wa pili apendezwa na upepo huo, atasema: A mí sí. Na kama asubuhi ya ziwa haimpendezi, atasema: A mí no. Maneno manne haya yatosha kwa mazungumzo ya siku nzima.

V. Mtu si chakula

Hapa tusimame zaidi, kwa sababu hapa ndipo penye hatari kwa padri.

Kiswahili chetu kina neno moja pana kama shamba: kupenda. Twapenda Mungu, twapenda mama, twapenda samaki, na huko njiani mtu husema «napenda maji» akimaanisha kwamba anataka maji. Kihispania kimegawa shamba hilo kwa mipaka.

Gustar ni kwa vitu na vitendo. Ukiiweka kwa mtu, me gustas, mara nyingi itasikika kama neno la kijana kwa msichana anayemvuta. Seminari akitaka kusifu bidii ya mwalimu mwanamke, asithubutu kumwambia hivyo. Aseme me gusta cómo enseña usted, «namna mnavyofundisha inanipendeza»: hapo kinachopendeza ni kazi, wala si mtu mwenyewe.

Kwa mtu tunayepatana naye vizuri, Wahispania wana neno zuri: me cae bien. Neno kwa neno ni «ananiangukia vizuri». Maana yake, amekaa vizuri moyoni mwangu. Mjengo ni uleule: mtu huyo atenda, mimi napokea. Asipokaa vizuri, me cae mal. Lakini hilo tuliweke akiba.

Querer ina kazi mbili. Kwa kitu ni kutaka: quiero pan, nataka mkate. Kwa mtu ni kumpenda: quiero a mi madre, nampenda mama yangu. Msisahau ile a mbele ya mtu. Ndiyo sababu te quiero haina maana ya «nakutaka» bali «nakupenda». Mtoto amwambia mamaye, ndugu amwambia ndugu. Hapa mwenye kutenda ni mimi: yo quiero, tú quieres, kama verbo za kawaida.

Amar ni upendo mkubwa, upendo wa kujitoa. Yasikika katika sala, katika ndoa na katika Maandiko. Msomaji wa Injili ya Yohane sura ya 21 ajua kwamba, kando ya ziwa la Tiberia, Bwana Yezu na Petro wanatumia kwa Kigiriki maneno mawili ya upendo. Kiswahili chafanya yote mawili kuwa «kupenda»; Biblia kadha za Kihispania zimeweza kuyagawa, moja kwa amar, jingine kwa querer. Katekista anayefafanua sura hiyo aweza kupata faida hapo. Lakini angalieni: hakuna mahali Petro anapoulizwa kwa gustar. Bwana hakumwuliza kama anampendeza. Alimwuliza kama ampenda. Kupendezwa hutujia bila kuitwa, na hutuacha bila kuaga. Kupenda ni kazi ya nia.

Sasa turudi kwa mama yule. Asubuhi, nyuma ya Misa, tulikwenda hata mlangoni kwake. Paroko alikuwa ametufundisha maneno mawili, nasi tulikuwa tumeyarudia njiani kama mtoto wa komunyo ya kwanza anayerudia sala. Tukasema: No me gustan las lentejas; pero usted me cae muy bien. «Dengu hazinipendezi, lakini ninyi mama, mmekaa vizuri sana moyoni mwangu.» Akatutazama. Tukarudia neno la kwanza kwa kuvuta ile -n ya mwisho: gustan. Ndipo akacheka hata machozi yakamtoka, akatushika mkono, akatuingiza jikoni kwake. Alituambia kwamba usiku kucha alitafuta kosa lake ni lipi.

Tangu siku ile hatukuhesabu tena kosa la herufi moja kuwa dogo. Mama alikuwa ametafuta usiku kucha dhambi asiyokuwa nayo, kwa sababu padri hakujifunza mwisho wa verbo.

VI. Kusema «sipendi» bila kuumiza

Mtu aweza kusema sawasawa kadiri ya sarufi na bado akakosa adabu. Kwetu mgeni hasemi mbele ya mpishi: «Bukari hii siipendi.» Atasema: «Nimeshiba, asante.» Kihispania pia kina njia zake.

Kwanza, kwa mkubwa au kwa mtu usiyemzoea, tumia le, wala si te: ¿Le gusta el té? Ni heshima, kama wengi wetu tunavyomwambia mzee «munapenda» kwa wingi ijapokuwa ni mmoja.

Pili, ukiomba, sema me gustaría, «ingenipendeza»: Me gustaría hablar con usted, «ningependa kusema nanyi». Ukisema quiero hablar, «nataka kusema», si kosa, lakini ni kama mtu aingiaye bila kupiga hodi.

Tatu, ukikataa, punguza ukali. No me gusta mucho ni laini kuliko no me gusta nada. Prefiero el arroz, «nachagua mchele kwanza», ni laini zaidi. No estoy acostumbrado, «sijazoea», ni neno la mgeni mnyenyekevu, nalo mara nyingi ni kweli kabisa. Odio, «nachukia», na me da asco, «inanitia kichefuchefu», ziacheni nje ya chumba cha kulia.

VII. Fundisho la Mtakatifu Teresa

Tusimalize bila kumtaja mama mmoja wa Hispania aliyetafakari sana neno hili. Mtakatifu Teresa wa Avila, aliyeandika kitabu cha Ngome ya Ndani mwaka 1577, katika makao ya nne anatenga furaha za sala mara mbili. Za kwanza aziita contentos: ndizo zile tunazozipata kwa juhudi yetu, kwa kutafakari na kwa kazi njema. Za pili aziita gustos: hizo zaanzia kwa Mungu, nasi tunazipokea tu. Atoa mfano wa vyombo viwili vya maji: kimoja chajazwa kwa mifereji toka mbali, kwa kazi na kelele nyingi, kingine kimejengwa penye chemchemi yenyewe, nacho chajaa kimya.

Teresa hakuwa akifundisha sarufi. Walakini neno alilochagua, gusto, ni ndugu wa gustar, nalo lafuata njia ileile: mwendo waanzia nje ya mtu, wafika ndani yake. Anatuonya pia kwamba kazi kubwa si kutafuta utamu huo, bali kupenda sana. Kwa mwanaseminari anayelia kwamba sala haimpendezi tena, kuna faraja hapo. Kupendezwa hakumo mikononi mwake, kupenda kumo. Aweza kusema asubuhi moja ya ukavu: «Hainipendezi leo, lakini nakupenda.» Kwa Kihispania maneno hayo mawili hayawezi kuchanganyikana.

VIII. Mazoezi

Geuzeni kwa Kihispania, mkifunika majibu kwa mkono:

1. Samaki wananipendeza. (Hapa tuseme wengi: los peces.)
2. Kusoma kunatupendeza.
3. Kahawa haimpendezi Petro.
4. Nyimbo zinawapendeza wakristu.
5. Mkono unaniuma.
6. Nampenda mama yangu.
7. Ningependa kuenda Kalemie.

Majibu: 1. Me gustan los peces. 2. Nos gusta leer. 3. A Pedro no le gusta el café. 4. A los cristianos les gustan los cantos. 5. Me duele el brazo. 6. Quiero a mi madre. 7. Me gustaría ir a Kalemie.

Angalisho: katika jibu la kwanza, samaki wa majini, walio hai, ni peces; samaki wa sahani ni pescado. Mvuvi wetu ana peces ndani ya wavu wake. Mkewe ana pescado ndani ya sufuria.

Ndugu wapenzi, yote tuliyosema yakusanyika katika neno moja: ukitaka kusema kwa Kihispania kwamba kitu kinakupendeza, mwache kitu aseme, wewe pokea. Na ukitaka kusema kwamba mtu wampenda, usikiachie kitu kazi hiyo. Simama mwenyewe, useme. Anayeshika tofauti hii atakula kwa amani mezani pa wageni, wala hatampeleka mama wa watu nyumbani na huzuni.

Mtauliza kama tulikula dengu tena. Tulizila, mara mbili kila juma hata mwisho wa mwezi. Siku ya kuagana mama aliuliza tena neno lile la siku ya nne, akingojea -n yake. Tukamjibu bila uongo: Ya me gustan. «Sasa zinanipendeza.»